Sindano tano za sikio na kazi ya baba wa kambo wa Tupac: Nani ana leseni ya kumtibu mraibu?

Kama wewe ni shabiki wa Tupac, jina la Mutulu Shakur si geni kwako. Ni baba yake wa kambo, yule aliyekaa jela Marekani kwa zaidi ya miaka 30 kwa kesi za ujambazi, ikiwemo tukio la gari la fedha la Brink's la mwaka 1981.

Ambacho wengi hawakijui ni kazi iliyokuwa ikimweka mjini kabla ya hapo. Jamaa alikuwa anachoma watu sindano masikioni.

Si sindano za dawa. Ni vile visindano vyembamba vya tiba ya Kichina, vinavyodungwa na kuachwa hapo kwa muda bila kuingiza kitu chochote mwilini. Na wagonjwa wake walikuwa waraibu wa heroini wa South Bronx, New York. Kwa lugha ya mtaani: mateja waliokuwa kwenye arosto.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, tiba ile bado ipo na imeenea Marekani. Kinachogombaniwa mpaka leo ni leseni. Je, mtu anayemchoma mraibu sindano tano za sikio ni lazima awe amesoma miaka mitatu au minne? Au hata mshauri, muuguzi, au mtu aliyewahi kuwa teja mwenyewe anaweza kufundishwa kwa wiki chache akaifanya kazi hiyo?

Jibu linategemea umesimama jimbo gani. Twende polepole.

Hospitali iliyoitwa "bucha"

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, South Bronx ilikuwa imezama kwenye unga. Hospitali ya eneo hilo, Lincoln, ilikuwa na hali mbaya kiasi kwamba wakazi waliibatiza jina la "bucha".

Julai 14, 1970, vijana wa kundi la Young Lords, wengi wao wenye asili ya Puerto Rico, waliingia na kuikalia hospitali hiyo wakidai huduma bora. Novemba mwaka huohuo wanaharakati walirudi tena, safari hii wakiwa na waraibu wenyewe, wakalazimisha kifunguliwe kitengo cha kuwasaidia watu kuacha heroini. Kitengo hicho kikaja kujulikana kama Lincoln Detox.

Mwanzoni walitumia methadoni, dawa ileile tunayoisikia hata kwenye kliniki zetu. Lakini baadhi ya wanaharakati hawakuipenda. Waliona ni kumtoa mtu kwenye kamba moja na kumfunga kwenye nyingine. (Binafsi naona hapo walikosea, na nitaeleza mbele kwa nini.)

Wakati huohuo kukatoka habari Hong Kong. Daktari wa upasuaji wa ubongo, H. L. Wen, alikuwa akitumia sindano zilizounganishwa na umeme mdogo kupunguza maumivu ya wagonjwa. Baadhi yao walikuwa watumiaji wa kasumba, na wakamwambia kitu ambacho hakukitarajia: arosto imetulia. Wen aliandika matokeo yake mwaka 1973.

Watu wa Lincoln wakaanza kujifunza. Shakur, aliyekuwa mshauri pale, alisomea tiba ya sindano kupitia chuo cha Montreal, Kanada, na baadaye akapata kibali cha kuifanya kazi hiyo California. Umeme ukaachwa, zikabaki sindano peke yake.

Mwaka 1978 utawala wa Meya Ed Koch uliwatoa wanaharakati hospitalini kwa kutumia polisi. Shakur akahamia Harlem na kuendelea na tiba yake huko. Aliyebaki Lincoln ni daktari wa magonjwa ya akili, Michael Smith, na ni yeye na wenzake waliokuja kuifanya tiba hiyo kuwa kanuni moja rahisi: sindano tano, sehemu tano zilezile za sikio, kwa kila mtu. Mwaka 1985 kikaundwa chama cha kuifundisha, kinaitwa NADA.

Kinachofanyika hasa

Mnaingia kwenye chumba, mnakaa kwenye viti, mara nyingi kwa mduara. Mhudumu anapita kwa mmoja mmoja na kudunga visindano vitano kila sikio. Halafu mnakaa kimya, dakika 30 hadi 45. Hakuna anayekuuliza ulianzaje kutumia, hakuna anayekushinikiza uongee. Baadaye sindano zinatolewa, zinahesabiwa, zinatupwa kwenye chombo maalumu. Umemaliza.

Zile sehemu tano zina majina ya Kichina na ya viungo vya mwili: moja ya mishipa ya fahamu, moja inaitwa Shen Men, nyingine za figo, ini na mapafu. Haina maana kwamba sindano inafika kwenye ini lako. Ni ramani ya sikio inayotumika kwenye tiba hiyo.

Hapa ndipo mjadala wa leseni unapoanzia. Mtaalamu kamili wa tiba ya sindano anakupima kwanza, anakuuliza historia, anaangalia ulimi na mapigo, kisha anaamua achome wapi kati ya mamia ya sehemu za mwili. Kwenye njia ya NADA hakuna kuamua. Ni tano, ni palepale, kwa kila mtu. Watetezi wake wanauliza: sasa kwa nini umsomeshe mtu miaka mitatu ili afanye kitu ambacho hakimtaki aamue lolote?

Saa 70 dhidi ya saa 3,000

Mafunzo ya NADA ni ya saa 70 hivi: takriban 30 za darasani na 40 za vitendo chini ya mkufunzi. Hiyo ni kama wiki mbili za kazi. Unajifunza sehemu za sikio, usafi wa sindano, jinsi ya kukaa na mtu aliye kwenye arosto, na mipaka yako. Ukimaliza unapata cheti.

Ila cheti si leseni, na wengi wanakwama hapa. Chama kinaweza kukupa cheti, lakini anayekuruhusu kumgusa mgonjwa ni jimbo. Marekani haina leseni moja ya taifa zima kwa kazi hii.

Sasa linganisha na njia ndefu. Kwenye majimbo mengi, kuwa mtaalamu kamili mwenye leseni kunataka shahada ya uzamili, miaka mitatu au zaidi ya masomo, mitihani ya bodi ya kitaifa, na kozi ya usafi wa sindano. California ina mtihani wake yenyewe na inataka mafunzo ya angalau saa 3,000, kati ya hizo saa 950 ziwe za kliniki.

Gharama yake? Ada ya shahada ya uzamili Marekani unaijua. Mtu aliyetoka kwenye uraibu, ambaye anataka kurudi kituoni alikopona awasaidie wenzake, hawezi kuifikia njia hiyo hata kwa ndoto. Na watu wa namna hiyo ndio walioianzisha tiba yenyewe pale Lincoln.

Kila jimbo na utaratibu wake

New York, nyumbani kwa tiba hii, ilipoandika sheria yake ya leseni ya tiba ya sindano mwaka 1991, iliacha mlango wazi kwa wahudumu wa uraibu. Mtu asiye na leseni kamili anaweza kufanya sindano za sikio, ila awe amepata mafunzo yanayotambulika, awe ndani ya programu ya uraibu iliyoidhinishwa, na awe chini ya usimamizi wa daktari au mtaalamu mwenye leseni. Maana yake hawezi kufungua chumba chake mtaani na kubandika bango.

Texas imefuata njia nyingine. Huko bodi ya madaktari inatoa cheti maalumu cha mhudumu wa sindano za uraibu. Lakini huwezi kukiomba kama huna taaluma nyingine tayari. Lazima uwe na leseni ya ustawi wa jamii, ushauri nasaha, saikolojia, ushauri wa uraibu, au uuguzi. Juu ya hapo unaongeza yale mafunzo ya sindano, unafanya kazi chini ya usimamizi, na huruhusiwi kujiita mtaalamu wa tiba ya sindano.

Ukiitazama vizuri, sheria ya Texas inamfungia nje mtu yuleyule niliyemtaja: aliyepona, mwenye moyo, asiye na digrii. Ukiitazama kwa upande mwingine, inahakikisha anayekuchoma ana bodi inayoweza kumwita na kumvua leseni akiharibu. Pande zote mbili zina hoja.

Colorado inafanana na Texas kidogo. Wahudumu wa afya ya akili waliosajiliwa, kama wanasaikolojia na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wanaweza kuongeza sindano tano kwenye kazi yao baada ya mafunzo.

California, kwa miaka mingi, imekaza. Sindano ni za mtaalamu mwenye leseni kamili, au madaktari wa aina chache waliotajwa kwenye sheria. Cheti cha saa 70 hakikupi ruhusa.

Ndiyo maana kuna wahudumu ambao, mahali sindano zinapokatazwa, hubandika vishanga au vimbegu vidogo kwenye sehemu zilezile za sikio kwa plasta. Havitoboi ngozi.

Je, inasaidia kweli?

Swali la haki, na kwa kweli ndilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa walevi sugu 80 wa Minnesota. Waliochomwa sehemu maalumu za sikio, 21 kati ya 40 walimaliza programu. Waliochomwa sehemu zisizo maalumu, alimaliza mmoja tu kati ya 40. Ukiona namba kama hizo lazima usisimke. Mwaka huohuo mahakama ya dawa za kulevya ya Miami, ya kwanza ya aina yake Marekani, ilianza kuwapeleka watu kwenye matibabu badala ya jela, na sindano za sikio zilikuwa sehemu ya programu.

Mwaka 2000 watafiti wa Yale wakaja na matokeo mengine ya kutia moyo kwa watumiaji wa kokeini, kwenye utafiti wa watu 82.

Halafu wakaongeza ukubwa. Mwaka 2002 jarida la JAMA likachapisha utafiti wa watu 620, kwenye vituo kadhaa. Sindano za kweli hazikuwazidi wale waliochomwa sehemu za uongo wala wale walioangalia video za kutuliza akili. Mwaka 2006 mapitio ya Cochrane kuhusu kokeini nayo hayakupata ushahidi kwamba sindano za sikio zinafanya kazi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sindano zinaponya uraibu", anakudanganya au amejidanganya. Watetezi makini wa NADA hawasemi hivyo. Wanasema ni kiambatanisho: inatuliza, inasaidia usingizi, inamfanya mtu arudi kesho kituoni. Na mtu anayerudi kesho ana nafasi ya kupewa dawa, ushauri na kipimo cha VVU.

Na hapa narudi kwenye methadoni. Ushahidi wake, na wa dawa nyingine ya jamii hiyo, buprenofini, ni mkubwa kuliko wa sindano kwa mbali sana: inapunguza vifo kwa watumiaji wa heroini. Marekani ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka kwa kuzidisha dawa mwaka 2021, 2022 na tena 2023. Katika hali hiyo, kumshawishi mtu aache methadoni ili achomwe sikio ni kuchezea roho yake.

Hatari haiko kwenye sindano pekee

Wanaotetea leseni kali huzungumzia maambukizi. Ni kweli, sikio ni gegedu, na likipata maambukizi linauma na linaweza kuharibika umbo. Sindano ikitumika kwa watu wawili, homa ya ini B na C zinapita, na waraibu wengi tayari wanaishi na virusi hivyo. Ndiyo maana sindano ni za kutumia mara moja tu, na somo la usafi halirukwi hata kwenye ile kozi ya saa 70.

Ila kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi ni ile ya kutojua nani hapaswi kukaa kwenye kile kiti. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, na kufa ndani ya siku chache. Huyo anahitaji hospitali. Mwenye kutetemeka mikono na kuona vitu visivyokuwepo hatulizwi kwa sindano tano.

Vilevile mtumiaji wa heroini aliyekaa safi wiki tatu, mwili wake umeshapoteza uzoefu. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani mara moja tu, anaweza kuacha kupumua. Mhudumu asiyejua hilo anaweza kumpongeza kwa wiki tatu na kumwacha aende bila onyo.

Kwa hiyo hoja ya saa 70 au 3,000 inapishana na jambo lenyewe. Mtu anaweza kusoma saa 3,000 za tiba ya Kichina na asijue lolote kuhusu arosto ya pombe. Na mshauri wa uraibu wa miaka kumi anaweza kuijua arosto kuliko wote, ila hajawahi kushika sindano. Mtindo wa New York, wa kumweka mhudumu ndani ya programu yenye daktari, angalau unawakutanisha watu hao wawili chini ya paa moja. Mimi ningechagua huo.

Na huku Bongo?

Tiba ya sindano si ngeni kwetu. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na kliniki za tiba ya Kichina zipo Dar es Salaam.

Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002. Sheria hiyo iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na inataka vitu viwili tofauti visajiliwe: mtoa huduma mwenyewe, na mahali anapotolea huduma. Watu wengi huona cheti cha kituo ukutani wakadhani kimemaliza kila kitu. Bado, uliza na cha huyo anayekushika.

Upande wa uraibu una mamlaka yake. Kuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, kuna nyumba za upataji nafuu ambazo wengi tunaziita soba hausi, na kuna kliniki za methadoni, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Dawa hiyo hutolewa bure kwenye kliniki za serikali.

Kwa hiyo mtu akikwambia ana sindano za kumtoa ndugu yako kwenye unga kwa laki kadhaa, unayo maswali ya kumuuliza kabla hujatoa hata mia. Amesajiliwa na Baraza? Kituo chake je? Sindano anafungua pakiti mpya mbele yako? Je, anamtaka mgonjwa aache methadoni kwanza? Akijibu ndiyo kwenye hilo la mwisho, ondoka.

Kwa aliyeko Marekani

Kuna wasomaji wetu wengi wanaofanya kazi ya uuguzi na ustawi wa jamii Marekani, hasa Texas. Kama ni wewe, na una leseni ya kazi yako, ile njia ya mafunzo mafupi iko wazi kwako kisheria. Anzia kwenye tovuti ya bodi ya madaktari ya jimbo, siyo kwenye tangazo la anayeuza kozi. Kozi inaweza kuwa nzuri kabisa na bado isikubalike kwenye jimbo lako.

Na ukihama, usibebe sindano zako ukidhani cheti kinasafiri nawe. Cheti cha Texas ukivuka nacho hadi California hakikupi ruhusa ya kumchoma mtu hata sikio moja.